Kinga juu ya motokari: mzigo unaotaka kutangulia mbele

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani, safari hii hatusemi juu ya kofia ya chuma wala viatu vya kazi. Tunasema juu ya kinga, ile ambayo jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa Tanganyika huiita baiskeli, wakati inaposafiri bila kukanyagwa: imefungwa juu ya galeri ya motokari, au nyuma yake, au imelazwa ndani ya pikapu.

Hapa Bukavu kinga si nyingi. Mji umejengwa juu ya vilima, na anayepanda kutoka ziwani hadi Kadutu kwa pedali ana mapafu ya pekee. Lakini shuka bonde la Ruzizi, Kamanyola, Luvungi, Sange mpaka Uvira. Huko inchi ni tambarare na kinga ni mguu wa nyumba nzima. Inabeba mchele, makaa, bidoni za mafuta ya mawese, mwanafunzi, hata mgonjwa. Kwa hiyo mara nyingi kinga hununuliwa au hutengenezwa mjini, kisha mwisho wa juma inapelekwa kwa ndugu bondeni, au Walungu, au Kabare, juu ya motokari ya rafiki au juu ya taksi. Tena motokari za okazio zinazotoka Ulaya mara nyingine hufika na chuma cha kubebea kinga, na mwenye kununua hapewi kitabu cha kumfundisha namna ya kukitumia.

Watu wengi hufunga kinga ili isimame wima. Hilo ni jambo dogo. Kamba inawekwa kwa ajili ya dakika ile shoferi anapokanyaga freni.

Mkono wako unapima kinga iliyosimama

Tuseme kinga yako ni ile ya chuma, ya zamani, yenye kibebeo nyuma na vibati vya kuzuia matope. Uzito wake ni karibu kilo 20. Motokari ikiwa imesimama mbele ya nyumba, kilo hizo zinakandamiza galeri chini tu. Unaizungushia kamba mara mbili, unaitikisa kwa mkono, unaona imetulia, unaondoka. Hatari inazaliwa hapo.

Motokari ikienda kilomita 50 kwa saa, kinga nayo inakwenda kilomita 50 kwa saa. Mbuzi anavuka ghafula, shoferi anakanyaga freni, magurudumu ya motokari yanashikwa na barabara. Kinga haigusi barabara. Yenyewe inataka kuendelea mbele kwa mwendo uleule, na kinachoizuia ni kamba yako peke yake. Katika kusimama kwa nguvu juu ya lami, kila kilo 10 za mzigo huvuta mbele kama kilo 8. Ndiyo sababu kanuni za kufunga mizigo za Ulaya zinataka kamba na vizuizi viweze kushika sehemu 8 kati ya 10 za uzito kuelekea mbele, na nusu ya uzito kuelekea pembeni na nyuma. Kinga yako ya kilo 20, basi, inavuta kama kilo 16, na hiyo ni freni tu. Motokari ikigonga mti kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa na kusimama ndani ya mita moja, kinga ileile inavuta kama mzigo wa kilo 120 na zaidi.

Na kamba ikikatika? Kitu kinachoruka kwa kilomita 50 kwa saa kinapiga sawa na kitu kilichoanguka kutoka mita 10 juu, yaani kutoka paa la nyumba ya orofa tatu. Kwa kilomita 60 ni kama mita 14. Hesabu hii haiangalii kama kinga ni mpya au ni ya bei gani.

Sasa uliza ni nani atakayeipokea. Ukitoka mjini kwa njia ya Panzi kuelekea Nyangezi, tazama walio kando ya barabara. Kuna mama wenye mizigo mgongoni, kamba imepita juu ya paji la uso, kichwa kimeinama. Hawaoni kinachotoka juu, na hawawezi kuruka pembeni. Kuna wanafunzi wanaotembea kwa makundi. Nyuma yako kabisa kuna pikipiki yenye watu wawili au watatu, inakufuata karibu ikingoja nafasi ya kupita. Kinga ikiangukia nyuma, ni yeye wa kwanza. Chini ya shimo hakuna kati yetu anayekubali kupita chini ya mzigo unaoning'inia bila kujua nani aliufunga. Mama yule wa barabarani hana namna ya kuuliza.

Kamba gani?

Kwetu kila kitu hufungwa kwa mpira uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa gurudumu. Hatuutukani. Unashika vizuri, hautelezi juu ya chuma, haukwaruzi rangi, na bei yake ni kama bure. Lakini tabia yake ni kunyumbuka. Mzigo ukivuta, mpira unarefuka na kuupa mzigo nafasi ya kuanza mwendo, na mzigo ulioanza mwendo unakuja na pigo. Tena mpira uliopigwa na jua miezi mingi una nyufa ndogo usizoziona mpaka uuvute. Basi uvute kwa mikono miwili na uutazame kwa karibu. Ukiona mistari midogo kama ngozi ya mjusi, utupe. Mpira mzuri utumie kuzuia mtikisiko, kushika gidoni na magurudumu. Kazi ya kushika uzito wa kinga uipe kamba au mkanda usionyumbuka.

Kuna ndugu yake wa dukani, mpira wenye ndoano ya chuma kila mwisho. Huo ni mbaya zaidi, na ubaya wake unampata mwenye kufunga mwenyewe. Ndoano ikichomoka wakati umeuvuta, inarudi kwa aliyeuvuta, na mara nyingi inafika usoni. Waganga wa macho katika inchi nyingi wameandika juu ya macho yaliyopasuka namna hiyo. Kama unao, usiuvute ukiwa umeuelekeza usoni mwako, simama pembeni ya mstari wake, na usimpe mtoto kazi hiyo hata kama anaomba kusaidia.

Kamba ya katani ni rafiki wa zamani, lakini ina hila. Ikilowa inavimba na kufupika, ikikauka inalegea. Fikiri safari ya Bukavu hadi Kamanyola katika miezi ya mvua, kati ya Septemba na Mei. Unafunga asubuhi chini ya manyunyu, kamba imekaza sawasawa. Unateremka mita mamia kadhaa mpaka kwenye joto la bondeni, jua linaikausha, na fundo linalegea bila mkono wa mtu kuligusa. Kamba ya nailoni ina nguvu, lakini hurefuka ikivutwa, na ikilowa inapoteza sehemu ya nguvu yake. Ile kamba ya plastiki ya bluu au kijani ya sokoni inateleza, na mtetemeko wa barabara unafungua fundo lake polepole. Jua nalo linaila. Ikianza kutoa vumbi na nyuzi zinazochoma kiganja, ipeleke ikafunge mbuzi.

Kilicho bora ni mkanda bapa wa nguo ngumu wenye kibano cha chuma, wa namna ile inayofungia mizigo ya kamyo. Hautelezi, haurefuki sana, na unakaza bila fundo. Usiukaze mpaka chuma cha kinga kianze kulia, hasa kama kinga ni ya alumini yenye mabomba membamba. Na uutazame kando: mkanda uliopasuka ukingoni kwa upana wa ukucha umekwisha, hata kama katikati unang'aa.

Kama una kamba tu, jifunze fundo la mashoferi wa kamyo. Funga ncha moja kwenye chuma cha galeri. Pitisha kamba juu ya kadre ya kinga mpaka upande wa pili. Kabla kamba haijafika chini, tengeneza katikati yake kitanzi kidogo kisichofunguka. Ncha uiteremshe, uipitishe chini ya chuma cha galeri, uipandishe ndani ya kitanzi, kisha uivute chini. Kitanzi kinafanya kazi ya puli: kwa hesabu tupu unapata mara tatu ya nguvu ya mkono wako, ingawa msuguano wa kamba unakula sehemu yake. Bana kwa vidole pale kamba inapogeukia, halafu maliza kwa mafundo mawili ya nusu. Wenzetu wanaotumia palan kazini watafahamu mara moja.

Mahali patatu

Kinga ishikwe mahali patatu: kadre, gurudumu la mbele, gurudumu la nyuma. Kadre ndiyo inayobeba nguvu, kwa hiyo mkanda au kamba kuu ipite hapo, karibu na mahali pedali zinapoingia, penye chuma kinene. Magurudumu yanafungwa ili yasizunguke wala kupiga-piga. Gurudumu la mbele likiachwa huru, gidoni inageuka kila kona kushoto na kulia, na kila mgeuko unailegeza kamba kidogo. Baada ya kona mia za Ngomo, kidogo hicho ni kingi.

Usifunge kwa kiti, maana kiti kinashikwa na bulon moja. Usifunge kwa vibati vya matope, wala kwa waya za freni.

Halafu kuna kosa tunaloliona hata kwa watu wenye kufunga kwa bidii: kamba zote zinashuka wima kama mvua. Kamba iliyoshuka wima inakandamiza kinga chini, lakini haiizuii kwenda mbele. Inangoja mpaka kinga imekwisha kusogea ndipo ianze kuvuta. Kamba moja ivute kinga kuelekea nyuma, na nyingine iivute kuelekea mbele, kila moja ikiwa imelala upande. Hapo freni ikija, kuna kamba ambayo tayari iko kazini.

Kabla ya kufunga, ondoa kila kitu kisicho sehemu ya kinga: pompi, mfuko wa vifunguo, bidoni, kiti cha mtoto. Upepo una nguvu kuliko tunavyodhani. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya upepo ni mara nne. Kwa hiyo mfuko uliotulia kwa kilomita 40 unaweza kuruka kwa 80.

Galeri nayo imefungwa na nani?

Umefunga kinga vizuri sana juu ya galeri. Je, galeri yenyewe inashikwa na nini? Tumeona galeri zenye bulon mbili kati ya nne, mahali pa zile nyingine pamezungushiwa waya. Kinga na galeri zikiondoka pamoja, ufundi wako wote unaondoka nazo. Shika galeri kwa mikono miwili, uitikise kwa nguvu mbele na nyuma. Motokari yote inapaswa kuyumba pamoja nayo. Kama galeri inayumba peke yake, acha safari, tafuta kifunguo.

Paa la motokari ndogo halikutengenezwa kubeba kila kitu. Viwanda vingi vinaruhusu kati ya kilo 50 na 75, vingine 100, na uzito wa galeri umo ndani ya hesabu hiyo. Kitabu cha motokari kinasema. Kinga mbili, galeri ya chuma na gunia moja la maharagwe, na tayari umepita kiasi. Uzito wa juu unaifanya motokari ilale pembeni kwenye kona, na njia ya Ngomo, yenye kona kali na korongo kando yake, inajulikana sana kwa ajali hata kwa motokari zisizobeba kitu juu.

Kinga iliyosimamishwa wima juu ya jipu inafika karibu mita 3 kutoka chini. Fikiri juu ya nyaya za umeme zilizolegea mitaani, matawi, lango la nyumba yako na paa la kituo cha mafuta. Kama galeri yako haina reli maalumu ya kushika kinga wima, ilaze. Upande wa mnyororo uwe juu, na chini ya pedali weka kipande cha nguo au cha gurudumu la zamani.

Nyuma ya motokari

Chuma cha kubebea kinga nyuma kina faida: hakuna haja ya kuinua kilo 20 juu ya kichwa, na migongo yetu inajua thamani ya hilo. Lakini angalia mambo yake. Bomba la moshi linatoa joto, na gurudumu la kinga likiwa mbele yake linaweza kulainika na kupasuka. Hata mkanda unaweza kuyeyuka. Acha nafasi ya kutosha, au geuza kinga. Ukibeba mbili, ile nzito iwe karibu na motokari, moja itazame kushoto na nyingine kulia, na kati yao weka nguo ili pedali ya moja isiingie katika gurudumu la mwenzake. Ndoano za mikanda zishike ukingo wa bati lenye nguvu. Bati lililoliwa na kutu, au kipande cha plastiki, litakuacha njiani.

Wenye jipu hupenda kufunga kinga juu ya gurudumu la akiba lililo mlangoni nyuma. Inawezekana, ikiwa bulon za gurudumu hilo zimekaza na bawaba za mlango hazina mchezo. Fungua mlango, uinue kwa mkono. Ukisogea juu na chini, usiuongezee mzigo.

Na taa! Kinga ya nyuma inafunika taa nyekundu, taa za kugeukia na namba ya motokari. Mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabarani, ambayo inchi yetu ni mmojawapo wa wenye kuyakubali, yanasema mzigo usihatarishe watu, usikokotwe wala kuanguka barabarani, usimzibe shoferi macho, na usifunike taa wala namba. Mzigo unaotokeza nyuma zaidi ya mita moja lazima uonyeshwe, na usiku uwe na taa nyekundu na kioo chekundu. Mchana desturi ni kitambaa chekundu. Kongo ina sheria yake ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978, na polisi wa barabara hahitaji kuifungua ili kuona kwamba taa zako hazionekani.

Ndani ya pikapu watu huwa wavivu, kwa kuwa kinga haionekani kuwa na pa kwenda. Inayo. Inaruka kila shimo, pedali inapiga kioo cha nyuma, na kama kuna watu wameketi kando yake, inavunja mguu. Ifunge kama ungeifunga juu ya paa, na abiria wakae ndani.

Jambo moja linatuudhi kweli. Ni ule mkono unaotoka dirishani kushika kinga iliyo juu ya paa, mara nyingi mkono wa mtoto, kwa sababu baba alisema safari ni fupi. Kilo 16 za freni tulizozihesabu zitakuja zote juu ya bega hilo. Na mtoto hataachia, kwa sababu baba alimwambia ashike. Mama, ukiona hivyo, simamisha safari wewe mwenyewe, hata kama baba atakunja uso.

Njiani na kufika

Kamba zote zinalegea katika kilomita za kwanza, hata zilizofungwa na fundi. Simama baada ya kilomita 5 ukaze tena. Kaza tena baada ya barabara mbovu, baada ya mvua, baada ya mvua kukauka, na kabla ya kuanza mteremko wa Ngomo, mahali penye upana ambapo wengine wanaweza kupita. Ukisikia juu mlio ambao haukuwapo, usiongeze sauti ya redio.

Mkifika, mnakuwa wamechoka na watoto wa nyumba ile wanakimbilia motokari kwa furaha. Waambie wakae mbali kwanza. Kinga iliyosafiri inaweza kuwa imeegemea kamba moja tu bila wewe kujua. Mmoja aishike kadre kwa mikono miwili kabla fundo lolote halijafunguliwa; mwingine afungue magurudumu, halafu gidoni, na mkanda wa kadre awe wa mwisho. Mipira yenye ndoano iachiliwe polepole, uso ukiwa pembeni. Msiteremshe kinga mkiwa juu ya ngazi ya galeri, mmoja akiwa ameishika kwa mkono mmoja. Simameni chini wote wawili, kila mmoja na gurudumu lake. Kabla mwenye kinga hajaipanda, azungushe magurudumu, ajaribu freni na kukaza gidoni, maana safari inaweza kuwa imevisogeza.

Mkanda uukunje ukiwa mkavu, uutie chini ya kiti, mahali ambapo jua na mafuta ya motokari havitaupata.